Wimbo wa Tatu Uliosafishwa

Kishanda, 4 Machi 2024

Mkwe wangu Evarist,

Nakusalimu kutoka huku kwenye migomba. Mvua zimeanza, maharage yameota, magoti yangu yananisumbua nikipanda kwenda kanisani, lakini nipo.

Tangu umuoe Renatha tumesalimiana mara sita, nimehesabu, na mara zote wewe unatazama viatu vyako na mimi natazama sufuria. Mkwe na mkwe ndivyo walivyo. Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja, kalamu hainitishi. Simu nayo huku kwangu haishiki mpaka ukasimame kwenye kaburi la babu yake Gozbert, na mimi sipendi kuwapigia watu kelele pale.

Kondakta wa Coaster ya asubuhi atakukabidhi mfuko. Ndani mna CD tano za kwaya ya kigango chetu, zile alizozisimamia marehemu baba yenu Gozbert. Redio yangu ya CD imekufa tangu Krismasi. Fundi wa Muleba aliifungua, akaifunga, akanipa pole. Mwanangu Ildefons kaniletea kiredio cha kuchomeka flashi, kinaimba vizuri tu, ila hakina pa kuingizia CD. Renatha kabla hajaenda masomoni Mwanza aliniambia kwamba hapo ofisini kwako, pamoja na kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, kazi hiyo pia unaiweza. Basi naomba unisafishie hizo CD, zote tano, uniwekee kwenye flashi.

Tarehe mosi Juni Gozbert anatimiza miaka saba tangu atutoke. Padri atakuja kusoma misa hapa nyumbani, na nataka siku hiyo kwaya yake isikike.

Ile yenye plasta juu uishike vizuri kuliko zote.

Mama mkwe wako,
Celina

Nimeweka na senene wa Desemba kwenye kopo. Ni wako, si wa kondakta.


Bukoba, 11 Machi 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. CD zimefika, na senene pia. Kopo lilifika likiwa limeshafunguliwa, ila sitamsingizia mtu.

Samahani kwa habari ya viatu. Nitajitahidi kutazama juu.

Sasa kuhusu kazi. Kabla sijaanza inabidi tukubaliane sauti tuiweke kwa namna gani, maana zipo tatu na huwa watu hawaulizwi, wanapewa tu. Ya kwanza inaitwa WAV. Hiyo ni mkungu mzima na mguu wake, kila kilichomo kwenye CD kinatoka kama kilivyo. Inakula nafasi sana, wimbo wa dakika nne ni kama MB arobaini. Ya pili ni FLAC. Ni mkungu uleule, haujapunguzwa hata kidole, ila umefungwa vizuri ukapungua unene. Hiyo ningeipenda, lakini nimemuuliza shemeji Ildefons kiredio chako ni cha aina gani, na hakiwezi kuisoma. Ya tatu ndiyo MP3. Hapo ndizi zimemenywa. Kompyuta inatupa kile inachodhani sikio halitakikosa, na kikishatupwa hakirudi. MP3 nayo ina madaraja: 320 ni ya juu, 128 ni ya watu wengi, na ukishuka mpaka 64 kina mama wanaanza kuimba kama wako ndani ya pipa.

Shemeji aliomba zake upesi kwa sababu boti ya kurudi kisiwani Goziba ilikuwa inaondoka Alhamisi. Anatumia simu ya kitochi, na kadi yake imejaa muziki wa kila namna. Nikamtolea haraka haraka moja kwa moja kutoka kwenye CD bila kugusa kitu, MP3 ya 48, kulia na kushoto vimechanganywa kuwa kimoja. Naona aibu hata kuitaja. Lakini yeye anashinda kwenye injini za mitumbwi, hatajua tofauti.

Kwako wewe naomba unijibu mawili. Unataka kubwa au ndogo? Na je, nisafishe kiasi gani? Nauliza kwa sababu ile yenye plasta ina mvua juu ya bati, kuna mtu anakohoa, na benchi linaburutwa katikati ya Kumbukumbu ya Bikira Maria.

Mkweo,
Evarist


Kishanda, 15 Machi 2024

Mkwe wangu Evarist,

Marahaba. Mwandiko wako ni mzuri, ila “kwa hiyo” ni maneno mawili na wewe kwenye barua ya harusi uliyatia pamoja. Nilikuwa nakutafutia nafasi ya kukuambia tangu 2021.

Umeniuliza kubwa au ndogo. Kubwa siitaki, masikio yangu yangali mazima na jirani ana mtoto mchanga. Weka sauti ya kawaida, nikitaka kuongeza nitazungusha mwenyewe.

Habari ya mkungu nimeielewa, nikacheka, kwa sababu huku kwetu maganda hayatupwi. Mbuzi anakula, na mguu wa mkungu unarudi shambani. Lakini kama kiredio hakiwezi ule wa kufungwa, basi weka hiyo ya kumenywa, ya daraja la juu, isiyotupa sana.

Kuhusu kusafisha, mbona unaniuliza tena? Ndicho nilichokutumia. Safisha zote, na yenye plasta uisafishe ya kwanza. Uangalie hasa wimbo wa tatu usije ukakosekana. Sababu ni ya kwangu, usiniulize, na Renatha naye usimuulize.

Celina


Bukoba, 2 Aprili 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Flashi hii hapa, nimeifunga kwenye kitambaa na nimemkazia macho kondakta.

Zote ni MP3 ya 320. Nimekaa nazo jioni kumi na moja baada ya kufunga ofisi, na nakuambia kweli sijawahi kufanya kazi nikaipenda namna hii. Nimeisafisha ile yenye plasta kama ulivyoagiza. Mvua nimeitoa. Mkohoaji nimemtoa, alikuwa na kikohozi kibaya sana yule, natumaini alipona. Benchi sijaweza kulimaliza lote ila limebaki kwa mbali.

Wimbo wa tatu ndio nilioutolea jasho. Mwanzoni kulikuwa na mtu anatoa amri fulani, maneno mawili, kinanda kikaanza hata hajafunga mdomo. Niliona ni uchafu wa siku ya kurekodi, nikakata mpaka pale kina mama wanapoingia. Sasa unaanza safi kama wa redioni. Nikafunga kazi na kuihifadhi.

CD zenyewe nitazileta mkononi nikija mwezi wa sita. Barabara ina mashimo, zisije zikavunjika njiani.

Nina hamu ya kujua umeionaje.

Mkweo,
Evarist


Kishanda, 6 Aprili 2024

Evarist,

Barua yako niliifungua palepale barabarani, kabla Coaster haijaondoka. Nilipofika kwenye wimbo wa tatu nikaisoma mara mbili. Nikarudi nyumbani, nikachomeka flashi, nikasikiliza kwa sababu nilitumaini kwamba umeeleza vibaya. Hukueleza vibaya.

Mimi niliposema unisafishie CD, nilisema kama tulivyokuwa tukisema zamani. Mtu alikuwa anapeleka filamu ya kamera kwa mpiga picha Bukoba, anamwambia nisafishie, anarudi baada ya wiki anapewa picha. Hiyo ndiyo kusafisha. Hakuna mpiga picha aliyewahi kumfuta mtu usoni kwa sababu ameambiwa asafishe.

Naomba CD yenye plasta irudi kwa gari la kesho. Hiyo moja tu. Nitatafuta mtu mwenye redio nzima.

Celina


Bukoba, 9 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne, na sasa naandika ya ukweli.

CD yenye plasta haipo tena. Nilikudanganya habari ya mashimo ya barabarani. Nilipomaliza sauti, nikasema niisafishe na CD yenyewe, irudi kwako inang'aa. Ile plasta ilikuwa imezeeka, kingo zimekuwa nyeusi, nikaibandua taratibu. Sikujua kwamba utando wa kung'aa wa CD za kuchoma uko juu, chini ya rangi tu, na ndio wenye sauti. Ulitoka wote na plasta. Ukiiinua CD dirishani sasa unaona barabara upande wa pili. Nimejaribu kwenye mashine tatu, pamoja na ya rafiki yangu wa studio karibu na soko. Hakuna kinachosoma.

Na nakala ile ya kwanza kwenye kompyuta, yenye mvua na kila kitu, niliihifadhi iliyosafishwa juu yake. Sikuweka mbili. Nilijiona nimemaliza.

Plasta ninayo. Ina maandishi, MALI YA CELINA, kwa herufi kubwa. Nimeibandika kwenye kadi ngumu, na utando bado uko mgongoni kwake. Naituma. Najua haisaidii.

Sijui nilikata nini. Nilisikia sauti ya mwanamume tu. Ningependa kujua, ila kama hutaki kuniambia ni haki yako. Nimeona aibu mpaka chakula hakipiti, na Renatha sijamwambia.

Evarist


Kishanda, 20 Aprili 2024

Evarist,

Nimekaa kimya siku kumi na moja kwa sababu nilikuwa nazunguka. Ile CD zilichomwa nakala kumi tu mwaka 2006. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Tatu zilikwenda na wenyewe Dar na hazijulikani. Mbili zimevunjika. Ya mwalimu wa jirani imechubuka kama uso wa kipofu aliyeanguka. Ya Anatolia, mwenzangu wa kwaya, nimeikuta inaning'inia kwenye mtama wake inafukuza ndege, na ndege wamekaa juu ya kamba. Nyingine hazijulikani kabisa. Plasta imefika. Nimeiweka kwenye kitabu changu cha nyimbo.

Basi nikuambie ulichokata, ingawa niliapa sitamwambia mtu.

Tulirekodi Jumamosi moja ya mvua. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza, na nina ugonjwa wangu tangu usichana: nikiimba naharakisha. Nikifika penye raha naondoka mbele, kwaya nzima inanifuata mbio kama ng'ombe walioona maji. Gozbert alikuwa akinionya nyumbani, akinionya njiani. Siku hiyo, mashine inazunguka, ameshanyanyua mikono kwa wimbo wa tatu, akanitazama mimi peke yangu katikati ya watu ishirini na wanne akasema, “Celina, mpola.”

Wewe ni Mhaya, sina haja ya kukutafsiria. Taratibu, Celina. CD zikatoka na maneno hayo yamo. Kigango kizima kilicheka. Nikigeukia ubao, watoto wa darasa la nne wananong'ona nyuma, Celina mpola. Nikamwambia Gozbert nenda kayatoe. Akaenda Bukoba, akarudi akaniambia mtaalamu amesema hayatoki bila kuumiza wimbo. Sikumwamini. Niliona ameyapenda, hataki yatoke. Nilimpikia wiki mbili bila chumvi na bila neno. Yeye akachukua CD moja, akaibandika plasta, akaandika hayo uliyoyaona, akaiweka mezani kwangu. Sikuigusa mpaka alipokufa.

Halafu ndipo nikagundua kitu. Alifundisha kuimba miaka ishirini na sita, na kwenye CD zote tano yeye haimbi hata mstari mmoja. Alikuwa anapunga mikono. Mikono haisikiki, Evarist. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa hayo maneno mawili, na ni ya kunigombeza. Nimeyasikiliza kila Jumapili kwa miaka sita na nusu, kabla redio haijafa.

Kwa hiyo usikose kula. Miaka kumi na minane iliyopita niliomba yafutwe, na sasa yamefutwa. Neno “safisha” nililiandika mimi, mwalimu wa Kiswahili. Uliponiuliza nisafishe kiasi gani, ningekuuliza una maana gani. Kilichoniuma ni ule uongo wa barabara, na huo umeshautubu.

Misa itasomwa vilevile. Tutaimba wenyewe.

Celina


Goziba, 24 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hii barua namkabidhi Bartholomayo, anakuja Muleba kununua mbao. Mimi mzima, injini zinakufa kama kawaida na mimi nazifufua.

Nina jambo la kukiri kabla hujalisikia kwa watu. Usinikasirikie.

Zile nyimbo alizoniwekea shemeji kwenye kadi, mimi nazipiga kibandani nikifanya kazi. Sauti ni mbovu kweli, mnaimba kama mmefunikwa sufuria. Ila ule wa tatu, mwanzoni kabisa, yupo Tata, baba mwenyewe. “Celina, mpola.” Mara ya kwanza niliangusha spana majini. Nikaurudia siku nzima.

Sasa hapa watu wanatoka kila mahali, Wakerewe, Wasukuma, Wajita, hawajui mpola ni nini wala Celina ni nani. Wameokota tu. Mtumbwi ukija pwani na mwendo mkali, watu wanamwita nahodha, “Celina, mpola.” Mtu akigombana na mpishi, Celina mpola. Jana mzee wa kambi amefungulia nalo kikao. Mimi sikuthubutu kusema kwamba Celina ni mama yangu.

Na Bartholomayo, huyu anayekuletea barua, amemaliza mtumbwi wake mpya na ameuandika ubavuni CELINA MPOLA, kwa rangi nyekundu, bila kuniuliza. Yeye anadhani ni jina la mtakatifu. Mama, najua ulivyokuwa ukiyachukia hayo maneno. Ukisema, nitayafuta kwenye simu na yeye nitamwambia apake rangi juu.

Mwanao,
Ildefons


Kishanda, 26 Aprili 2024

Ildefons mwanangu,

Usifute. Nasema tena kwa maandishi makubwa, USIFUTE. Zima hiyo simu sasa hivi, utoe kadi, uifunge kwenye karatasi, karatasi kwenye nailoni, nailoni kwenye kopo lenye mfuniko. Mpe Bartholomayo mkononi, asimpe mtu mwingine, aifikishe kwa Evarist Bukoba yeye mwenyewe. Sababu utaielewa baadaye.

Nimempa Bartholomayo chai na ndizi, nikamwambia mimi ndiye huyo mtakatifu. Amesimama akaomba radhi. Nimemwambia mtumbwi auache kama ulivyo. Ila baada ya Celina aweke koma.

Mama yako


Bukoba, 14 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Kadi imefika. Aibu ilinisahaulisha kabisa kwamba shemeji nilimtolea zake kabla sijasafisha, na kwangu sikubakiza nakala. Bartholomayo alikuja nayo shingoni, kopo limefungwa kwa kamba ya nyavu, na hakukubali kuondoka mpaka anione nimeichomeka.

Nilinakili kwanza. Nimeweka nakala tatu mahali patatu tofauti, moja iko kwa rafiki yangu wa studio na moja nimemtumia Renatha Mwanza, na ndipo nikasikiliza. Mama, mimi nimeingia kwenye familia hii baba ameshaondoka. Picha yake nimeiona sebuleni kwako, naipita nikiinama. Sauti yake sikuwahi kuisikia. Nilipoikata mwezi wa tatu nilisikia mtu anatoa amri. Safari hii nilisikia mtu anayetaka kucheka na anajizuia. Sikiliza vizuri lile “mpola”, mwishoni linapanda.

Kuna la pili, na hili nimelirudia mara nyingi kabla ya kukuandikia, maana sitaki kukudanganya tena. Kinanda kinaanza ndani ya neno lake. Silabi ya “la” iko juu ya noti ya kwanza, vimeshikana, havitengani. Ndiyo maana mimi nilipomtoa yeye ilibidi nikate na kinanda mpaka kina mama walipoingia. Kwa mashine za mwaka 2006 hakuna ambaye angeweza kufanya tofauti. Yule mtaalamu alisema kweli, na baba alikuletea jibu kama alivyopewa. Hayatoki bila kuumiza wimbo. Mimi nimeyatoa na nimeuumiza.

Sasa niambie tufanye nini. Naweza kuchukua mwanzo huu wa 48 nikaushonea kwenye ule wimbo wa 320, utasikia mahali pa mshono. Au nikuwekee huu wa 48 mzima, mbovu, na mvua na mkohoaji wake. Nikiupandisha kuwa 320 au hata WAV, faili litanenepa lakini hakuna kitakachorudi, maganda yameshatupwa. Kati ya madaraja yote, la chini kabisa ndilo lililomhifadhi. Nililifanya kwa haraka bila kuligusa, ndiyo sababu.

Safari hii sifanyi lolote mpaka nipate jibu lako. Na kama ndani ya jibu kuna neno lenye maana mbili, niandikie zote mbili.

Mwanao,
Evarist


Kishanda, 3 Juni 2024

Mwanangu Evarist,

Umeondoka jana na nyumba imekuwa kubwa. Nimefurahi ulitazama juu. Una macho mazuri, sikuwa najua.

Pale mbele za watu sikusema mengi, kwa hiyo naandika. Ulipouweka huo mbovu mzima kama nilivyokuagiza, na ukaupiga baada ya komunyo, nilikuwa nimejiandaa kulia. Sikulia. Anatolia ndiye aliyelia, na hana haki, yeye CD yake aliwapa ndege. Mimi nilisikia mvua, nikamsikia yule mkohoaji, ambaye ni marehemu Rutaihwa wa sauti ya nne, na alipona, aliishi miaka tisa zaidi. Halafu nikamsikia Gozbert. Na ni kweli, mwishoni linapanda. Alikuwa anacheka. Miaka yote hiyo nilisikia kugombezwa.

Wale wazee wa kwaya waliobaki walipodakia wimbo, nami nikadakia. Uliniona. Kufika kwenye kiitikio nikawahi, na wote wakanifuata mbio, kaseti ikaachwa nyuma, naiita kaseti, unisamehe. Sasa nimeamini yote mawili, kwamba hakunidanganya, na kwamba naharakisha.

Jana baada ya ninyi kuondoka nilikwenda kaburini kwake nikamwomba radhi kwa zile wiki mbili za chumvi. Niliona aibu kidogo, maana jirani alikuwa anapita na mbuzi.

Kuhusu kuhifadhi, ule wa 48 ubaki vilevile ulivyo, wala usiupandishe. Wa 320 nao usiufute. Umeutolea jioni kumi na moja, na nikiwa na wageni wa heshima nitawapigia huo. Flashi nimeibandika plasta mpya. Nimeandika MALI YA CELINA, na chini yake ISISAFISHWE, kwa maana zote mbili.

Asubuhi nikiamka nakiwasha kiredio, wimbo wa tatu kwanza. Akisema mpola, namjibu, ndiyo, mwalimu. Kisha nachukua jembe na kwenda shambani polepole.

Mama yako,
Celina